Ada ya Ukarimu Nisiouomba

Kwa Meneja wa Tawi,
Ofisi iliyo nyuma ya kioo, pembeni ya mashine ya kutolea namba za foleni.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTOZWA FEDHA KWA SABABU YA KUTOKUWA NA FEDHA

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, familia yako na kile kiti chako kinachozunguka. Mimi ni mzima wa mwili. Mgonjwa ni akaunti yangu, na kwa kuwa ugonjwa wake iliupatia mikononi mwako, nimeona nikuandikie wewe kabla sijawaita ndugu waje kuiaga.

Ili usipate taabu ya kunitafuta kwenye kompyuta, mimi ni yule mtunza stoo wa duka la rangi na vifaa vya ujenzi lililo mkabala na tawi lako, mwenye matone ya rangi nyeupe kwenye viatu. Nyumbani wananiita Mhasibu, kwa sababu nilisomea usimamizi wa fedha chuo kikuu kwa miaka mitatu, kwa mkopo. Yaani nilikopa fedha ili nikafundishwe namna ya kuishi bila kukopa. Nilifaulu vizuri sana. Katika somo la udhibiti wa madeni nilipata alama za juu kuliko darasa zima. Cheti ninacho, na deni lake ninalo.

Deni hilo silikatai. Ofisi ya Mikopo ya Wanafunzi inachukua rejesho lake kwenye akaunti yangu kila tarehe ishirini na tano, na inachukua kwa adabu, bila kelele. Tajiri yangu naye analipa mshahara tarehe ishirini na nane, au baadaye kidogo kama amegombana na muuza saruji. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku tatu. Ndugu Meneja, nimechunguza kwa muda mrefu na nimegundua kwamba benki yako inaishi ndani ya siku hizo tatu. Sisi wengine tunazipita tu, ninyi mmejenga humo na kuweka kiyoyozi.

Nisingekusumbua kwa hayo peke yake. Nimezoea. Ila sasa maji yamenifika shingoni, na shingo yenyewe si yangu peke yangu. Nina mdogo wangu wa kike, anasuka nywele katika saluni iliyo nyuma ya soko, na mwaka huu amepata nafasi ya kusomea ukunga. Chuo kimempa mpaka Ijumaa hii akamilishe mambo mawili. La kwanza ni kulipa ada ya kuthibitisha nafasi. Hiyo anayo. Ameikusanya kichwa kimoja baada ya kingine kwa miaka miwili, na imekaa kwenye kopo la maziwa ya unga kabatini kwa mama. La pili ni fomu ya mkopo wa masomo, nayo inataka mdhamini. Mdhamini awe ndugu wa damu, awe na hati ya mshahara, na awe na barua ya benki yake inayothibitisha kwamba benki haimdai.

Katika ukoo wetu mwenye hati ya mshahara ni mmoja. Mama anauza nguo za mitumba. Mjomba anatengeneza majokofu. Shangazi ana heshima kubwa mtaani, lakini heshima haiambatanishwi kwenye fomu. Nimebaki mimi, na mimi kwa mujibu wa kompyuta yako niko chini ya sifuri. Nisipopata barua yako kabla ya Ijumaa, Jumatatu nafasi ya mdogo wangu anapewa mtu mwingine. Naomba ulikumbuke hilo unaposoma yanayofuata, hasa ukifika mahali utakapotaka kucheka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kukopeshwa bila kuulizwa.

Mwezi wa nne Ofisi ya Mikopo ilipokuja kuchukua chake, ilikuta akaunti yangu ina fedha ya kununulia sabuni ya kufulia na si zaidi. Mtu mwenye akili timamu angesema, hana, njooni baada ya siku tatu. Benki yako haikusema hivyo. Ilitoa fedha zake yenyewe, ikanilipia, kisha ikaniandikia meseji ya kunijulisha kwamba nimetumia huduma ya ovadrafti. Mimi wakati huo nilikuwa stoo nahesabu makopo ya rangi ya mafuta. Sikutumia huduma yoyote, Ndugu Meneja. Nilikuwa juu ya ngazi.

Kwa ukarimu huo nilitozwa ada ya ukarimu, pamoja na ada ya kila siku ambayo ukarimu uliendelea kuwepo. Hebu fikiria jirani anaingia jikoni kwako ukiwa kazini, anatia chumvi kwenye mboga yako, kisha anakudai bei ya chumvi na gharama ya kuvuka uwanja. Halafu kila siku anapita dirishani kukudai tena, kwa kuwa mboga bado ina chumvi.

Mshahara ulipoingia ulikuta madai yamekaa mlangoni yanausubiri. Uliobaki haukufika tarehe ishirini na tano iliyofuata, kwa hiyo mkawa wakarimu tena, na tena. Mwezi wa sita mkachoka. Ofisi ya Mikopo ilipokuja mkaiambia safari hii hapana, huyu amefika mwisho. Nilifurahi kweli, nikajua hatimaye tumeelewana. Jioni ikaja meseji nyingine, nimetozwa ada ya malipo kukataliwa. Nilitozwa kwa kukubaliwa, nikatozwa kwa kukataliwa. Naomba unieleze kwa maandishi jambo la tatu ambalo ningeweza kufanya, nikalifanye.

Nilikuja kuuliza. Dada wa dirisha la tatu, ambaye ni mpole na wala simlaumu, aliniambia kwamba mambo hayo yote niliyakubali mwenyewe siku nilipofungua akaunti, katika ukurasa wa kumi na moja. Nikamwomba anioneshe ukurasa huo. Aliutafuta kwenye droo zote mbili, akamuuliza mwenzake, akarudi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuuona, ila anasikia upo.

2. Meseji.

Kila meseji ninayopata kutoka kwenu ina gharama yake, na gharama hiyo inakatwa kwenye akaunti. Mnaniandikia kwamba salio langu liko chini ya sifuri. Gharama ya kuniambia hivyo inalishusha zaidi. Likishuka, mnaona ni wajibu wenu kunijulisha. Siku moja nilikaa na mama sebuleni tukaiangalia simu inavyolia juu ya meza, moja, mbili, tatu, tukawa kama watu wanaotazama mpira ambao timu yao imeshafungwa. Mama, ambaye hakusomea fedha, aliuliza kwa nini hao watu wasininyamazie tu, maana hilo lingekuwa msaada tosha. Swali hilo chuoni hatukufundishwa, na nina shahada.

3. Benki kula mchango wa familia.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Familia yetu ina utaratibu wake. Mtu akikwama hazunguki kuomba mlango kwa mlango. Habari inatangazwa, kila mmoja anapeleka alichonacho kwa shangazi, ambaye ni mweka hazina, na shangazi anakipeleka kwa mhusika kikiwa kitu kimoja. Cheo hicho amekishika tangu mimi sijazaliwa. Kwa bahati mbaya, miezi michache iliyopita mjomba alimuuliza mbele za watu vile viti vya plastiki vilivyonunuliwa kwa fedha za familia viko wapi. Mjomba anaapa mpaka leo kwamba hakuwa na nia mbaya, alitaka tu kukalia kimoja. Lakini shangazi alisimama, akafunga mkoba wake, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kila mtu atunze za kwake. Akaondoka na mkoba. Viti hatujajua viliko.

Basi habari zangu zikafika kwenye kundi la familia la simu. Mama aliandika maneno mawili tu, kwamba mtoto anazama. Watu waliguswa. Na kwa kuwa mweka hazina alikuwa amesusa, kila mmoja aliamua kunitumia mwenyewe, moja kwa moja kwenye akaunti. Mjomba alituma. Mama mdogo alituma, akadhani haikufika, akatuma tena. Binamu yangu dereva wa lori alituma akiwa njiani, kidogo sana, ili tu jina lake lisikosekane. Kila aliyetuma alipiga picha ya risiti akaiweka kwenye kundi, na aliyefuata akaona haya kubaki nyuma. Kufika jioni walikuwa wametuma watu kumi na wanne. Sijawahi kupendwa kiasi kile kwa siku moja.

Kumbe na mashine yenu ina utaratibu wake. Fedha yoyote ikiingia kwenye akaunti yenye rejesho lililokwama, mashine inaamka, inajaribu kulilipa rejesho, inakuta fedha haitoshi, inashindwa, halafu inanitoza mimi ada ya kushindwa kwake. Mjomba alipotuma, mashine iliamka, ikashindwa, ikatoza. Mama mdogo alipotuma, hivyohivyo, na kwa kuwa alinipenda mara mbili, alinigharimu mara mbili. Ada yenyewe ilikuwa kubwa kuliko alichotuma binamu, kwa hiyo huruma ya binamu peke yake ilinirudisha nyuma. Kama mchango ule ungekuja kwa mkupuo kutoka kwa shangazi, ungelipa rejesho, ungefuta ovadrafti, na ungebaki wa kununulia viatu visivyo na rangi. Ulikuja vipande kumi na vitano. Nililala nikiwa chini kuliko nilivyoamka, na ndugu zangu wote wakiwa wametoa.

Niliwaeleza, hawakuamini. Nani angeamini? Mjomba alisema waziwazi kwamba fedha nimezila. Mama aliendelea kukunja mashati yake ya mitumba, akilikunja moja akilikunjua, akilikunja tena. Ndugu Meneja, nimeishi na mama yangu miaka yote, na sijawahi kumwona akinitilia shaka. Niliumia sana. Nilikuja kwako nikachukua taarifa ya akaunti (ilitozwa), nikakaa katikati ya sebule nikawasomea ndugu zangu mstari kwa mstari, fedha ya fulani imeingia, ada ya kushindwa imetoka. Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho akiwa na kitana mkononi. Shangazi, ambaye alikuwa amesusa, alikuja kusikiliza bila kualikwa, akakaa mbele kabisa, na sijamwona akifurahi vile tangu harusi yake.

4. Lalamiko la nne nimeliondoa. Lilimhusu mlinzi wenu wa mlangoni, lakini juzi mvua iliponyesha aliniruhusu kusimama ndani bila namba ya foleni. Tumesameheana.

5. Semina.

Mwezi wa saba mlinialika kwenye semina ya vijana kuhusu matumizi bora ya fedha. Mwaliko ulikuja kwa meseji, na nimeshasema meseji zinagharimu nini. Nilikwenda. Mtoa mada alikuwa kijana niliyesoma naye, aliyekuwa akikaa nyuma yangu kwenye mitihani kwa sababu ambazo sitazitaja hapa. Alituonesha picha ya ndoo inayovuja. Akasema siri ya utajiri ni kutotumia zaidi ya unachopata. Nilinyoosha mkono nikamuuliza, kwa heshima, je, na yule ambaye fedha zake zinatumiwa na benki akiwa juu ya ngazi? Alisema hilo ni swali zuri na tutalijadili wakati wa chai. Wakati wa chai alikuwa ameshaondoka kwa gari. Wanasema ni la mkopo, kutoka kwenu, kwa masharti ya wafanyakazi.

6. Siku yangu ya kuzaliwa.

Mwaka huu siku yangu ya kuzaliwa iliangukia wiki ile ambayo familia ilikuwa haijaniamini. Hakuna aliyenikumbuka. Mama alijua, lakini alikuwa ameninunia. Saa moja kamili asubuhi simu ikalia. Ilikuwa benki yako. Ilinitakia maisha marefu na mafanikio tele, ikaniita mteja wake mpendwa, kisha ikajikata gharama ya meseji.

Nitakuambia ukweli, nilifurahi. Nilifurahi hadi nikajichukia. Na hapo ndipo nilipoketi juu ya ndoo ya rangi nikaanza kufikiri sawasawa, kama nilivyofundishwa. Ni nani anayenikopesha bila kumwomba? Ndugu. Ni nani anayenisema kila nikikosa fedha? Ndugu. Ni nani anayejua tarehe yangu ya mshahara kuliko ninavyoijua mimi, na anayefika kabla yake? Ndugu, tena wa karibu. Ndugu Meneja, nimekuwa nikikuandikia neno hilo tangu mwanzo wa barua bila kulifikiria, kumbe ndivyo ilivyo. Benki yako ni ndugu yangu.

Kwa hiyo ninaitaka itimize wajibu wa ndugu. Kikao cha familia ni Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, nyumbani kwa mama, kuanzia saa nane. Uje wewe mwenyewe au umtume dada wa dirisha la tatu. Nafasi ya mweka hazina iko wazi, na kwa jinsi mnavyojua kukusanya, hakuna atakayewapinga. Njooni na viti.

7. Madai yangu dhidi ya benki.

Kama undugu huo mtaukataa, basi tuhesabiane kama watu baki, na mimi nitumie kanuni zenu. Nimetayarisha ada zifuatazo. Ada ya kusimama kwenye foleni, kwa kila nusu saa. Ada ya kuitwa mteja mpendwa bila idhini yangu. Ada ya kumweleza mama, ambayo ni kubwa kwa sababu kazi yenyewe ni ngumu. Ada ya kupoteza imani ya mjomba. Ada ya kuandika barua hii, pamoja na ada ya kila siku ambayo barua hii itakaa mezani kwako bila kujibiwa. Mkinijibu kwamba mmekubali madai, kuna ada ya kukubaliwa. Mkijibu kwamba mmeyakataa, kuna ada ya kukataliwa.

Haya yote ninyi mlishayakubali. Yapo kwenye ukurasa wa kumi na moja wa barua hii. Dada wa dirisha la tatu anaweza kukusaidia kuutafuta.

Nimepiga hesabu mara mbili, na kufikia leo Jumatano, baada ya kuondoa ninachodaiwa, benki yako ndiyo inayodaiwa na mimi. Sitaki kuwadhalilisha. Niko tayari mlipe kidogokidogo, kila tarehe ishirini na tano. Ila kwa kuwa sina uhakika na uwezo wenu, naomba mlete mdhamini. Awe benki ya damu yenu, awe na hati ya mapato, na awe na barua ya kuthibitisha kwamba hakuna mteja anayemdai. Mkikosa barua hiyo kufikia Ijumaa, mtaelewa kidogo hali ya nyumbani kwetu wiki hii.

Sasa naomba niache utani, kama ulidhani ni utani. Ninachotaka ni kitu kimoja. Futa ada zote mlizonitoza tangu mwezi wa nne. Zikifutwa, michango ya ndugu zangu inarudi mahali pake, rejesho lililokwama linalipika, na ovadrafti inakwisha. Kisha uandike barua fupi, mistari miwili inatosha, kwamba benki hainidai chochote. Ukishaandika, nifungie akaunti, maana sitaki tena maishani mwangu benki inayompeleka mtu chini ya sifuri bila yeye kuomba. Nasema hivi nikiwa na akili zangu zote. Kumkopesha mtu asiyeweza kulipa, ukijua hawezi, ili umtoze kwa kutoweza kwake, si huduma. Ni mtego, na anayeuingia kwa hiari yake akapimwe akili. Nitalisema hilo mbele ya mtu yeyote, kwenye semina yoyote, na chai mkiweka nitasubiri mpaka iishe.

Nisalimie mlinzi wa mlangoni. Msalimie dada wa dirisha la tatu, mwambie asiache kuutafuta ule ukurasa. Msalimie mtoa mada, akifika na gari. Isalimie na mashine, kwa sauti ya chini, isije ikaamka. Mama anakusalimu, ingawa hajui kama anakusalimu. Shangazi yeye ameniagiza nikwambie kwamba alishasema.

Ni mimi, mteja wako mpendwa kwa mujibu wa meseji,

Mhasibu
(stoo, duka la rangi, mkabala nanyi)

Nyongeza:

Ndugu Meneja, barua hii sikuwahi kuifunga. Mchana huu, nilipokuwa naitafutia bahasha, mdogo wangu alipita dukani akaniuliza akaunti imepungukiwa kiasi gani hasa, rejesho, ovadrafti, ada, kila kitu. Aliuliza kama anayeuliza bei ya nywele za bandia, nami nikamtajia bila kufikiri. Akavuka barabara.

Amerudi sasa hivi na risiti yenu. Amelipa yote, dirishani, kwa mkupuo mmoja, kwa sababu siku ile nilipokuwa nasoma taarifa sebuleni yeye alikuwa anasikiliza. Mashine iliamka, ikakuta fedha inatosha, ikalala. Akaunti yangu iko sifuri kamili. Anasema sasa sidaiwi, naweza kumdhamini, na mkopo ukitoka utalipa kila kitu chuoni.

Fedha aliyolipa ni ile ya kwenye kopo.

Mkopo hautoki, Ndugu Meneja, mpaka nafasi iwe imethibitishwa, na nafasi inathibitishwa kwa ada ile, kabla ya Ijumaa. Nilipomwambia hivyo aliangalia vidole vyake, kisha akasema hilo nitalijua mimi, kwani si ndimi Mhasibu. Akarudi saluni, ana kichwa cha watu hakijaisha.

Kwa hiyo tafadhali yafute malalamiko yangu yote, la kwanza mpaka la saba. La nne lilishafutika. Akaunti usiifunge. Naomba ovadrafti, ya kiasi cha ada ya kuthibitisha nafasi, na safari hii naomba mwenyewe, kwa hiari yangu, nikiwa nimesimama chini. Ada ya ukarimu kateni. Ya kila siku kateni. Meseji tumeni mtakazo, nitazisoma zote.

Ninachokuomba ni mpangilio tu. Kesho asubuhi uandike kwanza ile barua ya kwamba sidaiwi. Nianze kudaiwa mchana.